Baga Mbili kwa Bei ya Moja: Tupige Hesabu Yote



Mwisho wa mwezi ukikaribia, matangazo huwa mengi. Yako kwenye simu, kwenye mabango ya barabarani, hata kwenye vikaratasi vinavyogawanywa pale steji: nunua baga moja upate ya pili bure, ongeza kidogo upate chipsi na soda, leo Jumanne tu. Wazazi katika jumuiya ndogo ndogo huuliza kama vyakula hivi ni vibaya, na kama ni vibaya, mbona watu wanapanga foleni. Wengine nao husema, "Wacheni watoto wafurahie, si imeshuka bei?" Wote wana haki ya kuuliza na kusema hivyo.

Tuseme wazi tangu mwanzo: baga si dhambi wala si sumu. Ni mkate wa duara, nyama ya kusaga, kitunguu, nyanya na sosi. Anayekula moja baada ya miezi miwili hana haja ya kuipeleka kwenye kitubio. Kinachonisumbua mimi ni ile ofa inayokuja na baga. Ofa ndiyo humfanya mtu ale kitu ambacho hakukipanga, kwa kiasi ambacho hakukipanga, na mara nyingi kwa pesa ambayo ilikuwa na kazi nyingine nyumbani. Kama kuna mgonjwa wa presha au wa sukari katika nyumba hiyo, hesabu inakuwa ndefu kuliko ile ya kwenye bango.

MFUKO

Chukua mfano wa mama mwenye watoto wawili, ametoka Misa ya pili mjini. Amepanga kununua baga moja ya shilingi 500, watoto wagawane. Pale mlangoni anakuta bango: mbili kwa 800. Anapiga hesabu haraka. Mbili zingekuwa 1,000, kwa hivyo nimeokoa 200. Anafika kaunta, kijana wa pale anamwambia kwa heshima kabisa, "Mum, tuongeze chipsi na soda kwa mia mbili tu?" Anakubali. Amelipa 1,000.

Hizo ni bei za mfano tu, wewe weka za kwenu. Lakini angalia kilichotokea. Mama huyu hakuokoa hata senti. Alikuja kutumia 500, akatumia 1,000. Bango lilimfanya alinganishe na bei ambayo hakuwa na nia ya kuilipa. Kipimo cha kweli ni hiki: bila ofa, ningenunua nini? Ile 500 ya ziada ingenunua nyama ya jioni na sukuma wiki ya nyumba nzima, na pengine ingebaki nauli.

Kuna wakati ofa inasaidia kweli. Wafanyakazi wawili ambao kila mmoja alikuwa anunue baga yake, wakichanga na kuchukua mbili kwa 800, kila mmoja amebakisha 100 halisi. Hao hatuna ugomvi nao. Ugomvi ni kwa yule aliye peke yake, ambaye baga ya pili inaingia kwenye mfuko wa karatasi, "nitakula baadaye", na inaliwa kwenye matatu kabla ya kufika nyumbani.

Wafanyabiashara wanajua tabia hii kwa muda mrefu. Kule Chicago, Marekani, katika miaka ya 1960, bwana mmoja aliyeitwa David Wallerstein alisimamia majumba ya sinema. Alitaka watu wanunue bisi nyingi zaidi, zile za mahindi ya kulipuka. Alijaribu mbinu nyingi, lakini hakuna aliyerudi kununua mfuko wa pili. Mwishowe alitambua kwamba watu waliona haya: ukinunua mifuko miwili utaonekana mlafi. Basi akatengeneza mfuko mmoja mkubwa. Watu wakaununua bila aibu. Baadaye Wallerstein huyo aliingia kwenye bodi ya McDonald's, akamshawishi mwenye kampuni, Ray Kroc, auze mfuko mkubwa wa chipsi, na ulianza kuuzwa 1972. Kumbe ile saizi kubwa tunayoiona ni ukarimu ilibuniwa ili tule sehemu mbili na tujione tumekula moja.

Na sisi wanunuzi tuna udhaifu wetu. Mapema katika miaka ya 1980 kampuni ya A&W ilitoa baga yenye theluthi moja ya ratili ya nyama, kwa bei sawa na ya mshindani wao iliyokuwa na robo. Nyama zaidi, bei ile ile. Haikununuliwa. Mwenye kampuni wakati huo, Alfred Taubman, alieleza baadaye kwamba walipowauliza wateja, wengi walidhani theluthi ni ndogo kuliko robo, kwa sababu tatu ni ndogo kuliko nne. Walimu wetu wa hesabu watacheka, lakini tukisimama mbele ya bango na njaa, na watoto wanavuta sketi, wengi wetu hatupigi hesabu vizuri zaidi ya hao.

MWILI

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapolipa pole pole.

Tuanze na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Hiyo ni chumvi yote: ya ugali wa mchana, ya mboga, ya mkate, na ile unayonyunyiza mezani. Sasa, kampuni nyingi zikichapisha vipimo huandika sodiamu badala ya chumvi. Kupata chumvi, zidisha sodiamu kwa mbili na nusu. Kwa mfano, ile baga maarufu ya Big Mac kwa vipimo vya Marekani ina sodiamu ya kama miligramu 1,050. Ukizidisha unapata gramu 2.6 za chumvi. Zaidi ya nusu ya siku imekwisha, na bado hujagusa chipsi. Ukila mbili za namna hiyo kwa sababu ya pili ni ya bure, umepita kipimo cha siku nzima kwa mlo mmoja. Chumvi imejificha kwenye mkate, kwenye jibini, kwenye matango ya siki, kwenye sosi na kwenye nyama yenyewe, ndiyo maana ulimi hausemi "chumvi imezidi".

Jambo hili si dogo kwetu Kenya. Uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukizwa wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne, wa miaka 18 hadi 69, alikuwa na presha ya juu. La kutisha zaidi, zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani. Kwa hivyo yule anayesema "mimi sina presha" mara nyingi anamaanisha "mimi sijapimwa". Na uchunguzi wa kitaifa wa 2022 kuhusu idadi ya watu na afya ulionyesha kwamba asilimia 45 ya akina mama wa miaka 20 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Hatuwezi kusema baga ndizo zilizoleta hayo yote. Kuna mafuta tunayomimina kwenye sufuria zetu wenyewe, kuna mandazi, kuna kukaa tu. Lakini ofa inakuja juu ya hayo.

Pili ni soda. Soda ya kawaida ina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya nusu lita ni gramu 50, kama vijiko 12 vya chai. Hebu weka vijiko 12 kwenye kikombe kimoja cha chai uone kama mgeni atakunywa. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama hizo gramu 50, na ingekuwa vyema zaidi ikiwa nusu yake. Maana yake ile soda ya "mia tu" imemaliza sukari ya siku kabla hujanywa chai ya jioni. Kwa mgonjwa wa kisukari ni hatari zaidi, kwa sababu sukari ya soda inaingia kwenye damu haraka, na inakutana huko na mkate mweupe na viazi, ambavyo navyo hugeuka kuwa sukari tumboni. Kama kuna kitu kimoja cha kukataa kwenye kaunta, ni hiki. Omba maji.

Tatu, mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu moja ya wanga au ya protini ina 4. Ndiyo sababu kiazi cha kuchemsha na kiazi cha kukaanga si ndugu. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori chini ya 90, na gramu 100 za chipsi zinakaribia 300. Kijiko kimoja kikubwa cha mayonezi kinaongeza karibu 100. Watu wengi hukwepa nyama ya ng'ombe wakachukua baga ya kuku wakidhani ni nyepesi. Kama kuku huyo amevishwa unga akazamishwa kwenye mafuta, hujakwepa kitu. Kuku wa kuchomwa ni tofauti. Uliza ameivishwaje.

Je, mgonjwa wa presha au wa sukari asikanyage kabisa pale? Sisemi hivyo. Mzee akikatazwa kila kitu, atakula kwa kujificha, na hilo ni baya zaidi. Achukue baga moja ndogo, bila jibini, sosi iwekwe kando, anywe maji, na chipsi agawane na mwingine. Siku hiyo mlo wa jioni uwe mboga za majani na chakula kisicho na chumvi nyingi. Dawa zake ameze kama kawaida, asiruke, wala asiongeze ya pili eti kwa sababu amekula vibaya. Vipimo vyake vikiwa juu wiki hiyo, ofa ingoje.

Na msiogope kuomba mabadiliko. Januari 2022 matawi ya KFC nchini yaliishiwa na chipsi kwa sababu viazi vilivyoagizwa kutoka nje vilichelewa. Wakenya walikasirika sana, wakauliza viazi vya Nyandarua vina kosa gani. Katika kelele hizo jambo moja lilipita bila kuonekana: wateja waliruhusiwa kuchukua kitu kingine mahali pa chipsi. Inawezekana, basi. Ila ukinyamaza, utapewa kilichochorwa kwenye bango.

JIKO LIKIZIDIWA

Kuna upande mwingine wa ofa ambao watu hawaufikirii, nao ni jikoni. Mwishoni mwa 1992 na mwanzoni mwa 1993, huko magharibi mwa Marekani, kampuni ya Jack in the Box ilikuwa imepunguza bei ya baga yake moja kubwa. Watu walifurika. Nyama ilikuwa imeingiliwa na kijidudu kiitwacho E. koli, na majikoni hayakuipika kwa joto la kutosha. Watu zaidi ya 700 waliugua, wengi wao watoto. Watoto wanne walikufa. Wengine walibaki na madhara ya kudumu, yakiwemo ya figo.

Kwa nini nyama ya kusaga iwe na hatari kuliko kipande kizima? Kwenye kipande kizima vijidudu hukaa juu, na moto wa kwanza unaviua. Ukisaga, vile vya juu vinaingia ndani, katikati kabisa. Kwa hivyo nyama ya kusaga ni lazima ipate joto hadi katikati, nyuzi 71 za Selsiasi. Siku ya ofa, foleni ikifika barabarani na wapishi wakikimbizwa, uipasue baga yako katikati kabla mtoto hajauma. Ikiwa nyekundu au baridi ndani, irudishe. Hiyo si kiburi. Wenye kuhitaji uangalifu zaidi ni watoto wadogo, wazee, na akina mama wajawazito.

MEZA YENYE WATU TOFAUTI

Sasa tuje kwa vijana wetu. Siku hizi kikundi cha vijana kikimaliza Kipaimara au semina, wazo la kwanza ni "tutafute ofa". Wanachanga, wanahesabu vichwa, wanalipa. Halafu wakifika wanakuta kuna msichana aliyekuja na rafiki yake Mwislamu, kuna wa familia ya Kisabato, kuna mmoja ambaye mayai humtoa vipele. Hao wanaishia kula chipsi kavu huku wenzao wanapiga picha. Nao walichanga pesa ile ile.

Ofa nyingi zina masharti: baga ya pili iwe ya aina ile ile, au ya bei ya chini. Kwa hivyo kile cha bure hakimfai kila mtu. Baga ya ng'ombe si zawadi kwa jirani Mhindu asiyekula ng'ombe. Kwa Mwislamu, kutokuwepo nguruwe hakutoshi: atataka kujua nyama imechinjwa kihalali, na kama bekoni imekaangwa kwenye chuma kile kile. Wasabato wengi hawagusi nguruwe na baadhi yao hawali nyama kabisa. Mwenye mzio wa mayai aulize kuhusu mayonezi, wa maziwa aulize kuhusu jibini, wa simsim aangalie zile mbegu juu ya mkate. Haya yote yaulizwe kabla ya kulipa, na aulize kiongozi wa kikundi, si yule mtoto mwenye haya.

Na sisi Wakatoliki tusijisahau. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu hatuli nyama, kuanzia miaka 14. Ofa ya Jumatano haiangalii kalenda ya Kanisa. Ingawa kuna wakati iliangalia. Mwaka wa 1962, kule Cincinnati, Lou Groen alikuwa na tawi la McDonald's katika mtaa uliojaa Wakatoliki, na kila Ijumaa baga zake zililala. Akaomba auze mkate wenye samaki. Ray Kroc naye alikuwa na wazo lake mwenyewe, mkate wenye nanasi. Wakashindana Ijumaa moja: samaki 350 waliuzwa, nanasi 6. Samaki yule anauzwa hadi leo. Lakini naye hukaangwa kwenye mafuta, kwa hivyo anayemchagua kwa ajili ya mfungo amefanya vyema, anayemchagua kwa ajili ya presha asome tena pale juu kuhusu mafuta.

Nchi nyingine zimeanza kuziangalia ofa zenyewe. Marekani, tangu Mei 2018, makampuni ya chakula yenye matawi 20 au zaidi lazima yaandike kalori kwenye menyu. Na huko Uingereza, tangu Oktoba 2025, maduka makubwa yamezuiwa kufanya ile "nunua moja upate ya pili bure" kwa vyakula vingi vya kiwandani vyenye mafuta, chumvi au sukari nyingi.

KWA KIKUNDI KINACHOTAKA KUPIKA

Akina mama wa parokia wakiwa na jiko na vijana wakiwa na mikono, hesabu inaweza kuwa nyepesi. Kilo moja ya nyama ya kusaga, chagua isiyo na mafuta mengi, inatoa vipande 8 vya gramu 125. Kwa watoto unaweza kutoa 10. Weka kitunguu kilichokatwa ndogo ndogo, dania, pilipili manga, kitunguu saumu, na chumvi kijiko kimoja cha chai kwa kilo nzima, si zaidi. Hapo kila kipande kina kama gramu 0.6 za chumvi. Usikande sana, nyama itakuwa ngumu kama mpira. Bonyeza ziwe bapa, zisizidi unene wa kidole gumba, kwa sababu nene huungua nje na kubaki mbichi ndani. Zitasinyaa zikiiva, kwa hivyo zifanye pana kuliko mkate.

Kaanga kwa mafuta kidogo tu kwenye chuma kilichopata moto, upande mmoja kisha mwingine, mpaka maji yanayotoka yawe meupe na ndani kusiwe na wekundu. Rangi peke yake inaweza kudanganya, basi ukiwa na shaka ongeza dakika. Mikono na ubao uliogusa nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kukata nyanya. Mahali pa chipsi, pika waru za maganda zikatwe vipande na kuokwa, au mahindi ya kuchoma kama ni msimu. Nyanya, tango na kabeji mbichi ziwe nyingi. Maji au maji ya matunda yasiyoongezwa sukari.

Kwa wasiokula nyama, chemsha ndengu au maharagwe, ponda yakiwa makavu, changanya na viungo vile vile na unga kidogo wa kushika, kisha bonyeza kama zile nyingine. Hizi zikaangwe kwanza, kwenye chuma chake, na mwiko wake, kabla nyama haijaingia jikoni.